Kanda ya Pili

Filamu ilikuwa na kanda mbili,
kila moja nene kama tofali.
Mjomba Hilali aliinunua Ruwi
kwa Mmalabari mwenye duka la kushuka ngazi,
riali nne, punguzo hakuna,
kwa sababu, alisema, humu ndani mna farasi elfu.
Ikalala kabatini miezi mitatu
ikingoja deki itoke kwa fundi.

Ijumaa, baada ya sala, Al-Khuweir.
Deki inameza kanda kwa mlio wa mtu asiye na meno,
esi inadondosha maji kwenye ndoo ya rangi,
watoto tisa tumejipanga juu ya zulia,
na Bibi Shinuna, kanga mkononi, tayari.

Maana Mtume haonyeshwi.
Firauni, mtazameni mshibe;
wachawi na kamba zao, watumwa na udongo wao,
mabinti wa kasri waliopaka wanja hadi masikioni,
hao ruhusa. Lakini akitokea yeye,
yule mzungu wa ndevu za kubandika
aliyethubutu kujivika jina la Musa,
Bibi huinuka, goti likilia,
akaitandaza kanga mbele ya kioo,
kashika pembe mbili kama mtu anayeanika.

Chini huacha upenyo wa vidole vinne.
Hapo ndipo yalipopita maandishi ya Kiarabu,
na kazi yangu mimi, wa darasa la tano,
ilikuwa kuyadaka na kuyageuza Kiswahili
kabla hayajafutika.
Kiarabu cha Bibi kilikuwa cha sala.
Cha dukani kilikuwa bado kinamchenga.

Kwa hiyo Nabii wangu hakuwa na uso.
Alikuwa korosho nyekundu juu ya nyeusi,
sauti nzito nyuma ya pamba,
na jina la kanga, herufi kubwa:
NIPISHE NIPITE SINA LA KUKUTETA.

"Anasemaje?"
"Anasema, waachie watu wangu!"
"Taratibu. Mtume hafoki."
Nikarudia taratibu.

Kanda ya kwanza iliishia pwani.
Nyuma, vumbi la magari ya farasi.
Mbele, maji.
Katikati, kina mama na mbuzi na mitungi.
Kioo kikawa cheusi.
Mjomba akatia ya pili.

Zikapita chenga. Kisha ngoma.
Kisha shangazi Thuraya, kwao mumewe, Ibra,
hina hadi viwikoni, macho chini,
sinia za harisi zikipita juu ya vichwa,
na mjomba mwenyewe, mwembamba, anarusha bakora.
Arusi. Saa tatu nzima za arusi.
Tulipoitoa kanda tuliona
tundu lake limezibwa kwa selotepu.
Nani aliziba, hajakiri hata leo.

"Wale watu je?" Mundhir, wa miaka sita, analia.
"Wamefika?"

Bibi alikuwa bado kaishika kanga juu,
ingawa hapakuwa na Mtume wa kumsitiri.
"Wamefika. Imo Kitabuni."
Kisha, akiikunja, kama anasema nayo yeye na yeye:
"Sisi haikupasuka.
Tulilipa nauli, tukatapika hadi Maskati."
Akaketi. Akauliza
kwa nini bi harusi kavikwa dhahabu ya kuazima.

Mwaka huu nimeikuta kwenye simu.
Nilikuwa garini, nje ya hospitali,
namngoja mjomba Hilali amalize kusafishwa damu,
saa nne kila Jumatatu na Alhamisi.
Bahari ikapasuka: kuta mbili za maji ya kuchora,
kingo zinachezacheza kama rangi mbichi.
Akasogea mbele, fimbo juu, uso wote hadharani,
jasho, poda, na mstari wa gundi shavuni,

na dole gumba langu likaenda lenyewe,
likamfunika,
likaacha upenyo chini, wa maandishi.