Unga wa Kijani

Mvua ya Aprili imekaa wiki mbili Kileleshwa,
na leo, nikifungua geti saa kumi na moja alfajiri,
nyasi za mbele ya Jengo B zimevaa kofia.
Nyeupe. Kumi na saba. Nimezihesabu kwa tochi.
Kubwa yao ni pana kama kisahani cha chai,
katikati ina magamba ya hudhurungi,
ukoko uliosahaulika kwenye sufuria.

Ni tarehe ishirini na sita.
Kibandani kuna chumvi, kuna nusu kitunguu,
kuna unga wa kuuaibisha mwiko.
Nikavua kofia ya kazi, nikazijaza humo:
kofia ndani ya kofia.

Kukhu, nyanya yangu, alinifunza kusoma uyoga
kabla sijajua kusoma.
Kwanza ardhi: umeota wapi?
Wa kichuguu una mzizi mrefu,
ukiuvuta taratibu hutoka na habari za chini,
za mchwa wanaolima gizani
shamba lisilo na hati.
Kisha harufu. Kisha, nani mwingine anaula?
"Konokono akipita na meno yake," alisema,
"nawe pita na yako."

Na hapo juu ya kofia kubwa
njia ya konokono ilikuwa iking'aa.
Nikasema, basi, chakula kimeshaonjwa.

Daktari Kerubo wa B4 alikuwa akishuka na taka.
Si daktari wa watu. Hufundisha Chiromo;
kuvu ndiyo riziki yake,
ya mkate, ya ukuta, ya vidole vya miguu.
Akaziweka taka chini, akapiga magoti
kwenye nyasi mbichi, na gauni la kazini.

"Wekulo, una kisu?"
Akanionyesha pete kwenye shina,
inapanda na kushuka kama bangili ya mkono uliokonda.
Mzizi haukuwapo. Shina lilikoma tu,
ghafla, kama hadithi ya mtu anayedanganya.
"Na konokono?"
"Tumbo la konokono si lako."

Akaomba karatasi nyeupe. Nilikuwa na notisi ya kodi,
mgongo wake safi.
Akalaza kofia juu yake, matamvua chini,
akaifunika kwa bilauri yangu.
"Usiku mmoja tu. Usile leo."

Usiku mmoja!
Kana kwamba njaa nayo hufunikwa kwa bilauri.

Nililinda geti, nikalinda na karatasi.
Saa nane usiku nikasikia harufu ya kitunguu
kinachokaangwa, na hakuna jiko lililowaka.
Niliyatazama maghorofa.
Watu husema yamechipuka kama uyoga.
Waongo. Uyoga hungoja mvua.

Kulipopambazuka nikainua bilauri, kisha kofia.
Karatasi ilikuwa imeandikwa:
mistari myembamba, mingi, kutoka kitovuni hadi ukingoni
kama spoku za baiskeli,
unga laini kuliko wowote niliowahi kununua.
Wa kichuguu ungeandika kwa rangi ya waridi.
Huu uliandika kijani,
kijani cha kutu ya shaba.

"Hauui sana," Kerubo alisema,
"ila ungetapika hadi usahau jina lako."
Lile "sana" lilinikaa kooni.

"Uzuri wa mkakasi," nikasema.
"Wala. Mkakasi hudanganya.
Huu umetia sahihi. Pupa ndiyo isiyojua kusoma."

Nilizing'oa zote kabla watoto wa B2 hawajaamka,
nikazifukia nyuma ya tangi, nikanawa mara mbili.
Kukhu simlaumu. Alisoma udongo wa kwao,
na udongo ule haukumgeuka hata siku moja.
Huu wa hapa uliletwa kwa lori.

Notisi nimeibandika kibandani,
maneno ya kodi yakitazama ukuta.
Muthiani, wakala wa nyumba, akija kudai,
nitamwonyesha upande wa kijani.