Hati ya Nasaba

Kituo kipo Miyuji, ukishaipita mashine ya kusaga:
geti la bati, mbwa wanabweka kwa zamu.
Mheho, kijana wa pale, gambuti zimemzidi miguu,
akadhani nimefuata mbwa wa ulinzi.
Nikasema paka.
Paka wa panya, akasema, wapo kumi na wanne.
Nikasema yule wa picha kwenye duka la mifugo,
mwenye uso bapa.
Akanitazama viatu.
Huyo, akasema, ana nasaba.

Alikuwa kizimba cha mwisho, juu ya gunia,
mweupe aliyeazimwa rangi na vumbi la Dodoma,
manyoya yamefumana makwapani
kama sufi ya godoro la zamani,
jicho la kushoto linachuruza,
pua imerudi ndani, kana kwamba
walimfungia mlango akiwa bado anachungulia.
Mwenye naye alikuja na wizara, akapanga Ilazo.
Wizara ikampeleka ng'ambo.
Makabati yakapakiwa, zulia likapakiwa,
paka akakutwa amekalia alama ya zulia.

Fomu kurasa tatu.
Madirisha yana wavu? Yanao.
Kuna mtoto mdogo? Wangu yuko chuo, Mpwapwa, ana ndevu.
Utamchana kila siku?
Nasuka watu Majengo mwaka wa kumi na tisa, nikaandika,
vidole vyangu vinajua mafundo.

Ndipo Mheho akatoa bahasha.
Karatasi nzito, mhuri wa dhahabu.
Baba yake. Mama yake. Babu wa kuumeni, bibi wa kukeni,
mpaka kizazi cha nne, kila mmoja na rangi yake,
wengine na tuzo.
Mheho akasoma kwa kujikwaa, kama anaita mahudhurio ya shule ya kigeni.

Mwaka juzi, ofisi ya vitambulisho,
karani aliniuliza: babu mzaa baba?
Sijui.
Baba, basi?
Nikamwambia, andika Sikujua.
Hilo si jina lako?
Ndilo.
Foleni nyuma yangu ikakohoa.
Mama alinipa jina hilo Kongwa, mwaka wa njaa;
alipoulizwa alikuwa anapeta uwele, hakuinua macho.
Mwishowe mjomba akanilia kiapo.

Nikahesabu ile karatasi kwa kidole:
wazee thelathini,
na hakuna hata mmoja aliyekuja kumchukua.

Tukarudi Nkuhungu kwa bodaboda, yeye ndani ya boksi la sabuni,
analia tangu Miyuji.
Kwenye hati anaitwa Malkia wa Theluji, na maneno mengine matatu.
Theluji hatuijui, mimi wala dereva.

Usiku wa kwanza alilala ndani ya jiko la mkaa.
Akatoka mweusi.
Siku ya sita akaniachia nimguse:
mafuta ya nazi, kitana cha meno mapana,
ncha kwanza, kisha kati, shina mwisho,
kama nimfanyiavyo mtoto aliyewahi kuvutwa nywele.
Manyoya yakajaa beseni, upepo ukayabeba
hadi kwenye kunde za Mama Chilewa.
Akaja kulalamika, akamwona, akakaa chini kwa kicheko:
huyo akikutana na panya atamwamkia.

Ni kweli. Panya alipita juzi. Waliangaliana kwa heshima.

Dagaa wa Mtera anakula, ila nimtolee vichwa kwanza.
Nasaba hiyo bado ipo.

Hati nimeiweka bahasha moja na kiapo cha mjomba,
karatasi nzito na karatasi nyepesi,
chini ya kanga ambazo sizivai.

Jumatatu Mheho alipiga simu:
fomu ina pengo, jina jipya la paka.
Nikamwambia asubiri, bado hajaniambia.
Akacheka, akadhani natania.

Sasa hivi amekaa sakafuni. Zulia sina.
Amekaa pale jua la saa kumi linapotandika lake,
na linaposogea, anasogea.
Jicho bado linachuruza.
Kesho nina vichwa vinne vya kusuka,
ukiacha vya dagaa.