Futi ya Kaunti

Kifungu cha nne cha fomu kinauliza:
nafasi ya kuegesha magari, mangapi?
Daktari Somoe akakitazama kichochoro chetu cha Mtamwini,
ambamo wawili wakipishana
mmoja hugeuka ubavu,
akaandika: Punda wawili, wakiwa hawajagombana.

Bwana Kenga wa mipango ya mji hakucheka.
Alikuja Jumanne, na futi ya mita hamsini
imeviringwa kwenye kibweta cha rangi ya chungwa.
Kliniki ya mifugo, alisoma,
iwe mita thelathini kutoka jiko la chakula cha kuuza.
Mimi nilishika ncha, ukutani mwetu.
Yeye akarudi kinyumenyume, samahani, samahani,
akakata kona ya msikiti
hadi kwa Bi Mwanahalima wa viazi karai.

Kumi na tisa na nusu.

Bi Mwanahalima akatoa lake:
Dawa zao zanukia ndani ya unga wangu.
Lakini mkitufungia, punda wangu nimpeleke wapi?
Mokowe? Avae jaketi la boti?

Ukuta nao ni urithi, hautobolewi ovyo.
Bomba la maji machafu lataka kibali,
kibali chataka leseni,
leseni yataka bomba.
Kuku na yai, alisema Daktari,
na kuku ni mgonjwa wangu.

Ndipo Shekuwe wa saruji akaingia bila hodi,
punda wake tumbo limefura,
anageuza shingo kuutazama ubavu wake
kama aliyeitwa jina kutoka humo.
Uzito? Dawa ikizidi itamuua.
Mizani hatuna; mizani ni kifungu cha saba.
Daktari akanyoosha mkono bila kugeuka:
Bwana, futi.

Ikamzunguka nyuma ya miguu ya mbele,
ile ile iliyotupima sasa hivi tukapungua.
Mia moja na kumi na tatu, alisoma Bwana Kenga,
kisha akarudia polepole,
akiogopa kukosea.

Baada ya alasiri punda aliachia upepo mrefu.
Shekuwe akasema alhamdulillahi.
Bi Mwanahalima akafunga dirisha.

Leseni bado.
Bwana Kenga aliifuta futi kwa leso yake, akaenda zake
na fomu yetu kwapani.
Ila kwenye daftari la wagonjwa,
mstari wa Jumanne,
113 imeandikwa kwa mkono wake,
haina muhuri.