Mtande na Mshindio

Mpira wa Graciana ulikuwa unatoka nje.
Si sana. Kiganja kimoja, wakati mwingine vidole viwili,
lakini nje ni nje, na mstari hauhesabu vidole.
Akaja dukani Ijumaa, akainama chini ya baiskeli zinazoning'inia,
akaiweka raketi mezani kama mtu anayelipa deni la baba yake:
"Don Evaristo, ifanye izungushe."

Mimi ni fundi wa baiskeli. Raketi zilinifuata tu
klabu yetu ya Azul ilipokosa mtu wa kuzifuma.
Nimevunja fremu sita katika kujifunza.
Ila ufumaji ni ufumaji:
upo mtande, mrefu, unaoshuka kuelekea shingoni,
upo mshindio unaoukatiza, juu, chini, juu, chini,
na palipo na kukutana pana kusuguana,
kama ndoa, angesema marehemu, wala asingecheka.

Nikamwonyesha kwa ukucha.
Mpira ukifika, mtande hukimbilia kando,
hukaa huko kitambo kisichotosha kupepesa jicho,
kisha hurudi mahali pake. Tap!
Ndipo mpira unapozungushwa:
si katika kwenda, katika kurudi.
Huu wako unakwenda, halafu unalala huko huko.
Nikausukuma. Ukabaki kombo, kama mtoto aliyenuna.

Grisi ya mnyororo?
Nzito, ingekamata vumbi kabla ya salamu.
Silikoni ya kopo iko Olavarría, kilomita hamsini, na leo wamefunga.
Mafuta ya zeituni alikuja nayo mwenyewe, katika chupa ya dawa ya kikohozi;
nikanusa, nikamrudishia: kapake mkate.

Basi nikapanda ngazi.
Cherehani ya Ofelia iko vilevile, chini ya shuka.
Droo ya kushoto: kikebe cha pini, chaki ya bluu,
na kichupa chenye mdomo mrefu kama wa ndege anyonyaye maua,
kimebaki na robo.
Miaka kumi na moja sijakigusa.
Nusu ya watoto wa mtaa huu walikwenda shule
na makoti meupe yaliyopita chini ya sindano ile.

Tone moja kwa makutano matatu.
Njiti ya kiberiti ya kupakia, fulana kuukuu ya kufutia,
maana mafuta yanayoonekana ni mafuta yaliyozidi.
Saa nzima, tukiwa tumeinamiana kama wachambua mchele.
Nikausukuma uzi.
Ukaenda. Ukarudi.
Tukatazamana.

Jumapili, kwenye uwanja wa matofali yaliyosagwa,
nilisimama nyuma ya waya na kibuyu changu cha chai chungu.
Seti ya kwanza, yule binti wa Tres Arroyos hakuelewa kitu.
Mpira ulipita juu mno ya wavu, safari ya barabarani,
halafu ukakumbuka ulichosahau, ukainama,
ukadondoka ndani na kumrukia begani.
Sita kwa mbili.

Lakini uwanja nao una ulimi.
Vumbi jekundu lilipanda, likanata,
kila tone likawa tope, tope likawa msasa.
Nilisikia kabla ya kuona: ile tap ikawa tup.
Kufikia katikati ya seti ya pili
alikuwa akizinyoosha nyuzi kwa vidole baada ya kila pointi,
moja moja, bila haraka,
kama anayemchana mtu nywele.
Saba kwa tano. Kisha sita kwa nne.
Akaenda kumpa mwenzake mkono.

Nilikuwa nimeandaa maneno:
kwamba nitapanda basi la Olavarría,
kwamba tutazifuta kila wanapobadilishana pande.
Yeye akaiinua raketi mpaka puani.
"Inanukia siku ya kwanza ya shule," akasema,
na doa jekundu likabaki juu ya mdomo wake.
Kisha akauliza kichupa kimebaki na kiasi gani.

"Kimejaa," nikamwambia.