Safu ya Nne

Nyuma ya bili ya gesi nimechora safu tatu:
pesa, dakika, usingizi.
Nje, huku Otwock, theluji inaishukia misonobari
kama mzazi anayepita chumbani asiamshe watoto.

Treni. Dakika arobaini na moja hadi katikati ya Warszawa,
ongeza kumi na tatu za kutembea hadi stesheni,
ongeza nne za kuapa kwamba kesho nitatoka mapema.
Pasi ya mwezi ni nafuu, kiti ni bahati.
Kuna mwanamke hupandia Międzylesie,
anafuma soksi ileile tangu Oktoba.
Nimeanza kuamini anaifumua usiku.

Baiskeli ya marehemu Ziemowit.
Kilomita ishirini na sita, na mimi nina miaka hamsini na minne
na goti moja linalotabiri mvua.
Niliiandika kwa heshima tu. Nikaikata.

Gari la jirani, Bwana Wacław. Bure.
Hataki hata senti ya petroli: "Si naenda hukohuko?"
Dakika thelathini na tano,
au sabini, lori likilala ubavu darajani.
Kiti kina joto, na mdomo wake haupoi:
ini lake, bei ya makaa,
njiwa wa balkoni, halafu ini tena.
Haraka haraka haina baraka, ndiyo,
lakini polepole nayo hukatwa mshahara,
na wakili wangu hutazama saa kabla hajatazama uso.

Ningemaliza hesabu hapo.
Ila Jumanne nilihitaji kimya,
nikamwambia leo nitapanda treni.
Nusu ya njia nikakumbuka miwani, nikarudi.
Ilikuwa yapata saa moja.
Gari lake lilikuwa palepale, theluji haijafutwa,
na yeye dirishani, amevaa pajama,
kikombe mkononi, hanywi.

Pale dukani Honorata hakuinua hata macho kwenye mizani:
"Wacław? Karakana yao ilifungwa Machi.
Hukujua?"

Machi.
Tangu Machi mtu huyu ananyoa ndevu gizani,
anafunga tai, anakwangua barafu kwenye kioo,
ananishusha mlangoni pa ofisi, ananitakia kazi njema,
kisha anageuza gari
na kurudi kilomita zote ishirini na sita
akiwa na redio.
Jioni saa kumi na moja yuko palepale, injini inanguruma,
ananiambia, "Leo kazi ilikuwa nyingi mno,"
nami huitikia, "Pole."

Sasa niandike nini, na wapi?
Pesa zangu zimepona, zake zinaungua.
Dakika zangu ni sabini, zake mara mbili.
Nikipanda treni namwokolea petroli
na kumnyang'anya asubuhi.
Nikipanda gari, nauli yangu
inalipwa na uongo wake, na mimi ndiye kondakta.

Nimechora safu ya nne.
Juu yake niliandika *huruma*, nikafuta:
neno hilo linanuka hospitali.
Nikaandika *deni*. Nikafuta pia.
Karatasi imetoboka mahali pale,
naona mti wa meza.

Kesho saa kumi na mbili na robo
nitagonga kioo chake kabla hajakwangua barafu.
Sitataja Machi. Sitamtaja Honorata.
Nitasema goti limechoka kukunjwa garini,
nitasema naogopa kuteleza njiani hadi stesheni
na sina mkono wa kushika,
nitasema kuna mwanamke na soksi yake,
na nahitaji shahidi.

Akiuliza, "Na kazi yangu je?"
hapo ndipo sijajua.
Labda nitamwambia treni nayo
inaenda hukohuko.