Mtunza Hesabu

Daftari ninalo bado. Mende wamekula jalada,
ukurasa wa tisa una doa la chai.
Makongeni, Jumapili, mwaka wa sabini na nane,
uwanja wa vumbi nyuma ya nyumba za reli.
Besi zetu: magunia matatu ya mkaa,
na ile ya nyumbani, kifuniko cha sufuria.

Tulikuwa tunapigwa kumi na moja kwa mbili. Hilo nalo liandikwe.
Shiundu wa Kaloleni alirusha mpira
kama mtu anayedai deni.
Ndipo akaingia Mumbua, miguu mitupu,
na gongo la mkaratusi
alilochongewa na fundi wa mabehewa.

Sikuuona mpira. Niliusikia: ko!
Kisha kimya. Kisha kioo,
dirisha la Bwana Ogutu, mkuu wa karakana.

"Nyumbani!" tukapaza sauti. "Mumbua, nyumbani!"
Akapita gunia la kwanza,
la pili akalitifulia vumbi,
la tatu hakuligusa.
Alikata kona penye kamba za nguo
akaenda nyumbani kweli,
mlango wa buluu, akajifungia kwa ndani.

Mwamuzi alibishana na watu hadi giza.
Mimi nikaacha kisanduku wazi.

Jana amenipigia simu kutoka Kayole,
sauti imekwaruza, mjukuu anacheka pembeni.
"Ile mbio yangu," akauliza, "uliiandika?"

Nikasema ndiyo.
Kisha nikaanza kutafuta kalamu.