Kilo ya Chumvi

Nilitoka nayo nyumbani Kadutu, ndani ya kitenge,
pakiti ya chumvi, kilo moja, mdomo bado umefungwa na kiwanda,
nikashuka nayo mteremko wa udongo mwekundu
kama mtu anayempeleka shahidi
asiyejua kusoma, asiyejua woga.

Ghalani tuko arobaini na wawili, wote wanawake,
tumekaa juu ya magunia, miguu imenyooshwa,
tunachambua kahawa: nyeusi kando,
iliyoliwa na mdudu kando, nzima katikati.
Macho ndiyo jembe letu.
Ikifika saa tisa hata ukucha wangu nauona punje mbovu.

Tunalipwa kwa kilo.
Bei imeandikwa mlangoni kwa chaki, kwa dola;
mkononi inafika kwa faranga,
na kati ya mlango na mkono kuna mto
ambao patroni peke yake ana daraja lake.

Usidhani nilianza na hasira.
Miezi saba nilishukuru, nikasema wapo wasio na hata hiki.
Kila mmoja wetu ana mizani yake.
Nsimire hupima kwa mgongo:
asubuhi ukikubali kunyooka, haki imetendeka.
Mama Chibalonza hupima kwa karo:
mtoto akifukuzwa darasani, patroni ni mwizi,
akibaki, patroni ni baba.
Na Feza hupima kwa dada yake, ng'ambo ya Ruzizi,
anayechambua kahawa kama hii, kwa fedha kama hizi,
ila saa nne huletewa kikombe cha uji.
Si fedha zinazomliza Feza.
Ni ule uji.

Mimi sikuwa na kipimo
mpaka alipokuja binti mpya, shemeji wa dereva,
akakalishwa dirishani penye mwanga,
kucha bado zina rangi,
na jioni karatasi yake ikasema thelathini na moja.
Yangu, ishirini na sita.
Sikumwonea wivu.
Haya, nilimwonea kidogo.
Lakini gunia lake nililisogeza kwa mikono hii.
Mikono yangu haikusoma, ila hesabu hiyo inaijua.

Basi leo, zamu yangu ilipofika,
kabla ya kahawa niliweka chumvi.
Gramu mia nane na kumi.
Vidole arobaini na viwili vya shahada
vikasimama hewani, kila kimoja na punje yake.
Byamungu mpimaji akaitazama chumvi, akanitazama,
akasema chini chini, bila ukali:
"Mama, mimi pia napimwa.
Tangu Pasaka sijaona kitu."
Kisha akapima kahawa yangu, akaandika,
na kwa kalamu ileile akaongeza kilo mbili,
kama anayempa mtoto pipi
asiseme alichokiona.

Kilo mbili. Ungezikataa?
Nilizipokea.
Zimeniuma kuliko zote nilizoibiwa.

Nimepanda kilima na chumvi yangu, jua limekwisha.
Asifiwe yuko mlangoni, mwanangu amelala mgongoni pake.
Maji ameteka safari tatu, naona madumu yamejaa.
Nguo zimekauka, zimekunjwa.
Yeye namlipa mwisho wa mwezi, nikipata.
Bei yake sijaiandika popote, si kwa chaki, si kwa dola,
na mwezi wa Machi, nakumbuka sasa,
nilimwambia unga uliokula humu ndani nao ni mshahara.

Nikampa pakiti aitie kwenye kopo.
Hakuitia.
Aliishika kiganjani, akaipandisha,
akaishusha, kichwa kimeinama upande
kama anayesikiliza.
"Ni kilo kweli, mama?"

Nikajifanya natafuta sufuria.